Mawimbi ya redio na damu ya mgonjwa: Misri, Uganda na ahadi ya vipimo visivyo na sindano

Katika maduka ya mtandaoni yanayouza bidhaa hadi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, si vigumu kukuta saa ya mkononi au pete inayotangazwa kuwa hupima sukari ya mwilini bila kutoa hata tone la damu. Bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya vijiti vya kupimia ambavyo mgonjwa wa kisukari hutumia kwa miezi michache. Matangazo husema kuwa ndani ya chombo hicho mna mwanga au mawimbi yanayopenya ngozi na kurudi na jibu.

Tarehe 21 Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa wagonjwa, walezi na wahudumu wa afya. Ilieleza kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe, bila kutoboa ngozi. Mamlaka hiyo iliongeza kuwa kipimo kisicho sahihi kinaweza kumfanya mgonjwa akosee kiasi cha dawa, na kwamba anayezidisha insulini anaweza kupoteza fahamu au kufariki dunia ndani ya muda mfupi.

Onyo hilo lilitolewa Washington, lakini wenye kuhusika nalo zaidi huenda wako mbali na Marekani. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, yaliyotolewa mwaka 2021, watu wazima wapatao milioni 24 katika kanda ya Afrika walikuwa wakiishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamegunduliwa. Hakuna kanda nyingine duniani iliyokuwa na sehemu kubwa hivyo ya wagonjwa wasiojijua. Mahali ambapo mfuko wa mgonjwa ni mwembamba na zahanati iko mbali, saa inayosoma damu bila kutoboa huwa jambo linalotamanika sana, na kinachotamanika sana ni rahisi kuuzwa kabla ya kuthibitishwa.

Swali basi ni hili: je, mawimbi ya redio yanaweza kweli kutambua molekuli za mwilini, au ni maneno ya wafanyabiashara tu? Jibu la sayansi lina pande mbili, na historia ya karibuni ya eneo la bonde la Mto Nile inaonyesha gharama ya kuzichanganya.

Yale ambayo mawimbi yanaweza

Kwanza ni vema kusema wazi kwamba elimu yenyewe ni ya kweli. Wimbi la redio linapopita ndani ya kitu, kitu hicho hulipunguza kasi na kunyonya sehemu ya nguvu zake. Maji hufanya hivyo kwa namna yake, mafuta kwa namna nyingine, na damu yenye chumvi, protini na sukari kwa namna yake pia. Mhandisi akitengeneza saketi ndogo inayoitikia masafa fulani tu, kama vile redio inavyoitikia stesheni moja, kisha akaweka tone la kimiminika juu yake, masafa yale husogea kidogo. Kusogea huko ndiko kunakosomwa.

Hospitali zimekuwa zikitumia mawimbi ya redio kwa miongo kadhaa. Mashine ya MRI huamsha viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili, kisha husikiliza ishara vinavyoitoa. Mashine yenye sumaku ya tesla 1.5, ambayo ni ya kawaida mahospitalini, hufanya kazi katika masafa ya karibu megahetsi 64, chini kidogo ya bendi ya FM inayoanzia megahetsi 87.5. Ndiyo maana chumba chake huzungushiwa kinga ya metali: matangazo ya redio na kelele nyingine za mawimbi zikiingia, picha ya mgonjwa huharibika. Katika maabara, baadhi ya mashine za kuhesabu chembe za damu hupitisha mkondo wa masafa ya redio katika chembe moja moja ili kutofautisha aina za chembe nyeupe.

Watafiti wa vyuo vikuu wamekwenda mbali zaidi. Hupaka juu ya saketi ndogo kingamwili zinazoshika aina moja tu ya protini. Protini hiyo ikiwamo katika tone la damu au mate, hunasa juu ya saketi na masafa husogea. Faida ya njia hii ni kwamba haihitaji rangi wala kemikali nyingi, na sehemu zake zinafanana na zile zilizomo katika simu za mkononi, ambazo hutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Chombo kidogo cha kusomea masafa ya saketi, ambacho zamani kilikuwa mali ya maabara tajiri pekee, leo hupatikana katika umbo rahisi kwa chini ya dola 100.

Lakini katika mifano hii yote kuna jambo la kuangaliwa. MRI ina sumaku kubwa inayoyapanga mambo kabla mawimbi hayajasikilizwa. Mashine ya damu hupitisha chembe moja baada ya nyingine katika tundu jembamba. Saketi ya watafiti ina kingamwili inayochagua molekuli inayotafutwa. Wimbi lenyewe halijui jina la molekuli. Hutoa taarifa kwamba kuna kitu kimebadilika, na kazi ya kusema ni kitu gani hufanywa na sehemu nyingine ya chombo.

Ugumu wa ngozi

Sukari iliyomo katika damu ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mzima mwenye afya, kabla ya kula, ana takriban gramu moja ya glukosi katika kila lita ya damu. Kwa lita tano alizonazo, sukari yote hiyo inaingia katika kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho hubadili tabia ya umeme ya damu kwa sehemu ndogo sana, chini ya asilimia moja. Kwa upande mwingine, joto la maji likipanda kwa nyuzi moja tu, badiliko linaloonekana katika mawimbi linaweza kuzidi lile linaloletwa na sukari.

Ongeza hapo jasho, chumvi, unene wa ngozi, mafuta yaliyo chini yake, mkazo wa mkanda wa saa na mwendo wa mkono. Yote haya huyasogeza masafa. Chombo kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wa mtu anayetembea juani hupokea mabadiliko mengi kwa wakati mmoja, na lile la sukari ni miongoni mwa yaliyo madogo zaidi.

Hili si dhana ya vitabuni tu. Mwaka 2003 chombo kilichoitwa Pendra, kilichotengenezwa na kampuni ya Uswisi, kilipata alama ya CE inayoruhusu bidhaa kuuzwa Ulaya. Kilivaliwa mkononi kama saa na kilitumia masafa ya kati ya megahetsi 1 na 200 kukadiria sukari. Watafiti wa Uholanzi walipokijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 2005, waligundua kuwa kwa wastani usomaji wake ulitofautiana na kipimo cha damu kwa asilimia 52. Zaidi ya hapo, asilimia 4.3 ya majibu yaliangukia katika eneo la hatari kubwa, yaani yale ambayo yangemfanya mgonjwa atende kinyume kabisa cha anachopaswa kutenda: kula aliyezidiwa sukari, au kujidunga insulini aliyepungukiwa. Chombo hicho hakikudumu sokoni.

Kwa kulinganisha, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinachohusu vipima sukari vya kidoleni kinataka asilimia 95 ya majibu yasitofautiane na kipimo cha maabara kwa zaidi ya asilimia 15, na kwa sukari ya chini huwekwa mpaka maalumu. Umbali kati ya 15 na 52 unaonyesha kwa nini alama iliyobandikwa kwenye boksi haitoshi. Pendra ilikuwa na kibali halali. Kilichokosekana ni majaribio ya kutosha kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kibali hicho kutolewa.

Kuna pia jambo linalowachanganya wanunuzi. Vipo vipima sukari vya kisasa vinavyobandikwa mkononi au tumboni na kutuma matokeo kwa simu kila baada ya dakika chache. Hivi ni vya kweli na vimeidhinishwa katika nchi nyingi. Lakini vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na kazi ya kupima hufanywa na kimeng'enya kinachokutana na glukosi. Redio hutumika kupeleka habari tu. Mtu akiona rafiki yake anasoma sukari kwenye saa, huenda saa hiyo inapokea tu taarifa kutoka kwenye kibandiko kilichofichwa na shati. Mwenye kununua saa peke yake hununua mpokeaji asiye na wa kumletea habari.

Cairo, 2014

Kama kisa cha Pendra kinahusu haraka ya biashara, kisa cha Misri kinahusu haraka ya dola. Mwezi Februari 2014 jeshi la Misri lilitangaza mbele ya waandishi wa habari kuwa wahandisi wake wamepata njia ya kutambua na kutibu homa ya ini aina ya C pamoja na virusi vya Ukimwi. Chombo cha utambuzi, kilichopewa jina la C-Fast, kilikuwa na mpini wa kushika mkononi na antena iliyoning'inia mbele. Ilielezwa kuwa antena hiyo huelekea kwa mgonjwa mwenye virusi hata bila kumgusa, kwa kuitikia ishara za sumakuumeme zinazotoka katika virusi. Chombo cha pili kilidaiwa kusafisha damu na kuuondoa ugonjwa.

Ili kuelewa kwa nini tangazo hilo liliwagusa watu, ni lazima kukumbuka mzigo wa Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni za kutibu kichocho kwa sindano. Sindano hizo zilitumiwa tena na tena bila kusafishwa ipasavyo, na pamoja na dawa zikaeneza virusi vya homa ya ini vijijini kote. Mwaka 2008, uchunguzi wa kitaifa ulikuta kingamwili za homa ya ini aina ya C kwa zaidi ya asilimia 14 ya watu wenye umri kati ya miaka 15 na 59. Katika nchi ambayo sindano yenyewe ndiyo iliyoleta maradhi, chombo kisicho na sindano kilikuwa na mvuto wa pekee.

Wanasayansi wengi wa Misri walitilia shaka. Essam Heggy, aliyekuwa mshauri wa masuala ya sayansi wa rais wa mpito Adly Mansour, alijitokeza hadharani na kuliita jambo hilo fedheha ya kisayansi. Hoja ya wakosoaji ilikuwa nyepesi kueleweka. Virusi havina redio ndani yake. Hakuna ishara iliyothibitishwa inayotoka katika virusi vilivyomo mwilini na kuvuka hewa hadi kwenye antena ya mkononi. Tena umbo la C-Fast liliwakumbusha watu ADE 651, chombo kilichouzwa Iraq kama kitambuzi cha mabomu. Muuzaji wake, Muingereza James McCormick, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwezi Mei 2013 baada ya mahakama ya London kuthibitisha kuwa chombo chake hakikuwa na uwezo wa kutambua chochote.

Hata hivyo maelfu ya Wamisri walisubiri. Matibabu yalitarajiwa kuanza tarehe 30 Juni 2014. Siku mbili kabla, jeshi lilitangaza kuahirisha, likisema wagonjwa wa majaribio walihitaji kufuatiliwa kwa muda zaidi. Ahadi hiyo haikutimizwa.

Misri si nchi pekee iliyopita njia hiyo. Mwezi Aprili 2020, katika miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO-19, Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran lilionyesha chombo chenye antena kilichodaiwa kuvigundua virusi vya corona kwa umbali wa mita 100 ndani ya sekunde tano. Wanafizikia wa nchi hiyohiyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipinga.

Tone la damu lilivyoshinda

Lakini kisa cha Misri hakikuishia kwenye aibu, na hapo ndipo penye funzo kubwa zaidi kwa nchi za eneo hili. Mwaka huohuo wa 2014, serikali ya Misri ilifikia makubaliano na kampuni ya Gilead ya Marekani kuuziwa dawa ya sofosbuvir kwa dola 900 kwa matibabu ya wiki 12. Nchini Marekani matibabu hayohayo yaliuzwa kwa dola 84,000. Baadaye viwanda vya Misri vikaanza kutengeneza dawa hiyo na bei ikashuka zaidi.

Dawa ilipopatikana, swali likarudi palepale: nani ni mgonjwa? Kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019 Misri iliendesha kampeni iliyoitwa Afya kwa Watu Milioni 100. Takriban watu milioni 50 walijitokeza kupimwa, na zaidi ya milioni 2 wakakutwa na kingamwili za homa ya ini aina ya C na kuelekezwa kwenye uchunguzi na tiba. Sukari na shinikizo la damu vilipimwa papo hapo. Chombo kilichotumika hakikuwa na antena. Kilikuwa ni kipimo cha haraka cha tone la damu la kidoleni, kilichokwisha kuhakikiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Mwezi Oktoba 2023, shirika hilo liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza duniani kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huo.

Ndani ya takriban miaka kumi, nchi moja ilipita katika njia zote mbili: ile ya chombo cha ajabu kisichohojiwa na ile ya kipimo cha kawaida kilichohojiwa kila hatua. Ya pili ndiyo iliyookoa maisha. Nchi nyingine zimeifuata. Rwanda ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kutokomeza homa ya ini aina ya C mwezi Desemba 2018, ukitegemea upimaji wa wananchi kwa wingi.

Uganda: kati ya ubunifu na uthibitisho

Ingekuwa makosa kutoka katika kisa cha Cairo na kudhani kuwa kila chombo kisichotoboa ngozi ni ulaghai. Uganda inatoa mfano wa upande mwingine. Kundi la vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na mhandisi wa kompyuta Brian Gitta, lilibuni chombo kiitwacho Matibabu cha kupima malaria bila damu. Gitta alisukumwa na yaliyomkuta mwenyewe, kwani aliugua malaria na vipimo kadhaa vya damu vikashindwa kuionyesha.

Chombo hicho hubanwa kidoleni. Hakitumii mawimbi ya redio bali mwanga mwekundu pamoja na sumaku, kwa sababu vimelea vya malaria vinapokula chembe nyekundu za damu huacha mabaki yenye madini ya chuma ambayo huitikia sumaku. Jibu hutarajiwa ndani ya dakika moja na hutumwa kwenye simu. Mwezi Juni 2018, katika hafla iliyofanyika Nairobi, ubunifu huo ulipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Gitta, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa Mganda wa kwanza na mshindi kijana kuliko wote waliomtangulia.

Tofauti kati ya Matibabu na C-Fast ni kubwa. Chombo cha Uganda kinataja kitu halisi kinachotafutwa, kinaeleza kwa nini mwanga na sumaku vinaweza kukitambua, na wabunifu wake walikubali kukipeleka kwenye majaribio. Lakini tuzo ya ubunifu si kibali cha matumizi. Kati ya chombo kinachofanya kazi mezani na chombo ambacho mama wa kijijini anaweza kukitegemea kwa ajili ya mtoto mwenye homa, kuna kazi ya miaka mingi: kupima maelfu ya watu, wagonjwa na wazima, wa rangi na umri mbalimbali, katika joto na vumbi, na kulinganisha kila jibu na lile la hadubini. Kazi hiyo ni ghali kuliko ubunifu wenyewe, na ndiyo inayokosa wafadhili mara nyingi zaidi.

Hata kipimo kilichokubaliwa huhitaji kuangaliwa daima. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini moja inayotolewa na vimelea. Nchini Eritrea iligunduliwa kuwa baadhi ya vimelea vimepoteza jeni la protini hiyo, hivyo mgonjwa huambiwa hana malaria ilhali anayo. Mwaka 2016 nchi hiyo ililazimika kubadilisha aina ya kipimo. Kama kipimo chenye kingamwili inayochagua kwa makini kinaweza kukosea namna hiyo, wimbi tupu linalopita juu ya ngozi linahitaji uangalizi mara nyingi zaidi.

Nani mlinda mlango?

Nchi za Afrika Mashariki zina taasisi za kusimamia dawa na vifaa tiba: Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Dawa nchini Uganda, FDA ya Rwanda, na nyinginezo. Tanzania ilibadilisha jina na majukumu ya mamlaka yake mwaka 2019, ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mamlaka ya Tanzania ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu la WHO katika usimamizi wa dawa, mwaka 2018, na ya Rwanda ikalifikia Desemba 2024. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake ni Kigali, nao umepewa jukumu linalogusa vifaa tiba na vipimo.

Tatizo ni kwamba saa ya mkononi haiji mpakani kama kifaa tiba. Huja kama bidhaa ya kielektroniki, ndani ya furushi la simu na vipaza sauti, na mara nyingine huagizwa na mtu mmoja kupitia simu yake. Afisa wa forodha hana sababu ya kumwita mkaguzi wa dawa. Muuzaji naye akiulizwa, hujibu kuwa saa hiyo ni ya mazoezi na burudani, si ya tiba, ingawa tangazo lake linaonyesha tarakimu za sukari kwa herufi kubwa.

Ndiyo sababu wataalamu wa usimamizi husisitiza kuwa kinachopaswa kuangaliwa ni dai, si umbo la bidhaa. Chombo kinachodai kupima sukari, virusi au vimelea ni kifaa tiba hata kikiwa na sura ya pete. Kwa mtazamo huo, tangazo lenyewe linaweza kuwa msingi wa kuzuia mauzo, bila kusubiri mgonjwa apoteze fahamu ndipo uchunguzi uanze.

Vyuo vikuu navyo vina nafasi. Kupima ukweli wa saa kumi zinazouzwa sokoni, kwa kuzilinganisha na kipimo cha maabara kwa wagonjwa waliokubali chini ya uangalizi wa madaktari, ni kazi isiyohitaji fedha nyingi wala mitambo mikubwa. Matokeo yake yakitangazwa kwa lugha inayoeleweka na wengi, yanaweza kuwafikia wanunuzi haraka kuliko sheria.

Mgonjwa na tarakimu

Kwa mtu anayeishi na kisukari, suala hili huanzia kwenye tarakimu moja inayoonekana asubuhi. Sukari iliyoshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita humtaka ale au anywe kitu kitamu mara moja. Iliyopanda sana humtaka afuate maelekezo ya daktari wake kuhusu dawa. Tarakimu ikiwa ya uongo, uamuzi unaofuata huwa wa uongo pia, hata kama mgonjwa ni mwangalifu na mtiifu.

Lipo na kundi jingine ambalo husahauliwa: wale wasiojua kama wanaumwa. Saa inayoonyesha sukari ya kawaida kila siku kwa kila mvaaji humtuliza mtu ambaye angepaswa kwenda zahanati. Kiu isiyokwisha, haja ndogo za mara kwa mara, kupungua uzito na vidonda visivyopona huwekwa kando kwa kuwa saa imesema hakuna neno. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii mgonjwa hafichi, ila amefichwa na chombo alichokinunua kwa nia njema.

Maswali ya kumuuliza muuzaji ni machache na hayahitaji shahada. Je, chombo kina sehemu inayoingia chini ya ngozi au kutumia tone la damu? Je, kimesajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi husika, na namba ya usajili ni ipi? Je, kimejaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na matokeo yamechapishwa wapi? Ambapo majibu hayapo, kipima sukari cha kidoleni kinabaki kuwa mwenzi wa kuaminika zaidi, pamoja na maumivu yake madogo.

Utafiti wa vihisi vya mawimbi ya redio unaendelea Ulaya, Asia na Marekani, na hakuna sheria ya maumbile inayosema hautafanikiwa kamwe. Inawezekana siku moja chombo kitapatikana kitakachotenganisha dalili ya sukari na ile ya jasho na joto, kikapita majaribio na kusajiliwa. Siku hiyo habari yake itakuja na tarakimu za majaribio, majina ya mamlaka zilizokikagua na idadi ya wagonjwa waliokivaa. Hadi hapo, katika zahanati za Kampala, Bujumbura, Kigali na Mwanza, muuguzi ataendelea kumwomba mgonjwa anyooshe kidole.